Mvule wa Mpakani: Mti Mmoja, Wenyewe Wengi

(Muziki wa kipindi unasikika, kisha unashuka.)

MTANGAZAJI: Nawasalimu ninyi mlioko Nakivale, Kiryandongo, Bidibidi, Kakuma, Dadaab na kila mahali mnapotusikia. Mazungumzo yetu ya leo ni juu ya mti. Labda mama mmoja anasema, "Mimi sina kuni za kupikia, wewe unaniletea habari za miti?" Vumilia kidogo, mama. Shida ya kuni na habari za miti ni jambo moja.

Twende mpakani mwa Uganda na Kenya. Busia ni jina moja la mji katika nchi mbili. Ukielekea kaskazini unafika Malaba, na jirani yake ni Tororo. Wasamia na Wateso wanaishi pande zote mbili za mpaka. Watu wa huko wanajua habari za ukimbizi. Mwanzoni mwa mwaka 2008, baada ya ghasia za uchaguzi nchini Kenya, maelfu ya Wakenya walivuka mpaka huo. Wengi walipokewa Mulanda, wilaya ya Tororo, na baadaye mwaka huohuo wakahamishiwa Kiryandongo. Kila familia iliyofika ilihitaji nguzo za kibanda na moto wa kupikia, kama wewe ulivyohitaji siku ulipofika.

Katika nchi hiyo kuna mti unaoitwa mvule. Huenda ukapita mita 30 kwenda juu. Mbao zake ni ngumu na mchwa haziwezi. Maseremala wanazitaka kwa milango, vitanda na mashua. Kwa sababu hiyo mvule mkubwa una bei, na wenye misumeno wanautafuta sana.

Lakini mti huo una wenyewe wengi kuliko seremala. Kwanza, mkulima: chini yake anapumzika, na majani yanayoanguka yanarutubisha shamba. Pili, ndege na popo. Popo wanaokula matunda hufika usiku, hula matunda ya mvule, kisha huruka mbali na kudondosha mbegu. Hivyo popo anapanda miti mahali ambapo hakuna mtu aliyebeba jembe. Ukimfukuza popo, umemfukuza mpandaji. Ila usimshike kwa mikono, na tunda lililoumwa na popo usilile.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalijui. Mivule iko ya kiume na ya kike, na ni ya kike tu inayozaa matunda. Tena haizai bila ya kiume kuwa karibu. Kwa hiyo kijiji kikibakiza mvule mmoja tu na kusema, "Mbegu tunayo," huenda hakina mbegu hata moja.

Sasa mtu atasema, "Tukate, halafu tupande mingine." Ni neno jema, lakini mvule si mahindi. Miche yake ina adui, mdudu mdogo anayeingia kwenye machipukizi. Chipukizi huvimba, hufanya vinundu, kisha huoza. Ukipanda mivule mingi mahali pamoja, mdudu huyo anapata karamu. Ukiichanganya na miti mingine, penye kivuli kidogo, inapona zaidi. Hata ikipona, mtoto wako atakuwa mtu mzima kabla mti huo haujawa mkubwa wa kutoa mbao.

(Muziki mfupi.)

Je, kuni na mkaa vinatoka wapi? Wilaya ya Busia, upande wa Uganda, kuna msitu wa hifadhi wa West Bugwe. Umekatwa sana kwa ajili ya mkaa. Karibu na hapo kuna msitu wa Busitema, ambapo nyani hukaa kando ya barabara kuu wakitazama malori. Mwezi Februari 2018 serikali ya Kenya ilisimamisha ukataji wa miti katika misitu ya umma. Lakini jiko la Nairobi halikuzimwa siku hiyo. Upande mmoja ukifunga msitu wake na watu wakaendelea kupika kwa mkaa, shoka linahamia upande wa pili. Na mkaa hupoteza sehemu kubwa ya moto wa mti palepale kwenye tanuri, kabla gunia halijafungwa.

Basi tufanye nini sisi tusio na shamba kubwa wala gesi?

La kwanza, tofautisha mti wa kukatwa na mti wa kulindwa. Huko Busia watu hupanda mti ambao Waluhya huuita lusiola na Wajaluo huuita siala. Ukiukata vizuri, kisiki kinachipuka tena. Chagua machipukizi mawili au matatu yaliyonyooka, uondoe mengine, na baada ya miaka michache una nguzo tena. Huo ndio mti wa matumizi. Mvule mkubwa uache.

La pili, usichimbe kisiki wala mizizi. Mvule nao huchipuka kwenye mizizi. Chipukizi kama hilo halihitaji kitalu. Lizungushie miiba, mbuzi wasilile.

La tatu, tafuta matawi makavu, na uulize kwanza mti ni wa nani. Huko Turkana, karibu na Kakuma, familia zina miti yao kando ya mito, na sehemu hiyo huitwa ekwar. Ukiuona mti peke yake mtoni, usidhani hauna mwenyewe. Maganda yake ni chakula cha mbuzi wa mtu. Huko Bidibidi nako, mti wa shea ni mafuta ya mama wa kijiji jirani. Mti mmoja uliokatwa bila ruhusa unaweza kuleta ugomvi, na wanaokutana na ugomvi huo porini ni akina mama na wasichana wanaotafuta kuni.

La nne, punguza moto. Loweka maharagwe usiku kucha. Kausha kuni kabla ya kuwasha. Funika sufuria. Jenga jiko la udongo badala ya mafiga matatu. Safari moja ya porini ikipungua kwa juma, binti yako amepata siku moja ya kukaa darasani.

Ndugu zangu, sisi tunaweza kuhama kesho. Mti hauhami. Mwenyeji atabaki nao, na atakayekuja baada yetu ataukuta au ataukosa.

Mkiwa katika kikundi cha kusikiliza, jadilianeni haya: Katika kambi yenu, ni mti gani mkubwa ambao hamtaki ukatwe? Ni nani mwenyewe? Na ni nani kati yenu atakayekwenda kuzungumza naye?

Hadi juma lijalo, kwaherini.

(Muziki unapanda, kisha unazimika.)