Mizani si Mapigo: Muda katika Noti na katika Shairi la Kiswahili



Nasimama kwa hofu kidogo, mimi mwanaisimu, kuzungumzia noti za muziki. Kilichonisukuma ni sentensi moja ambayo nimeisahihisha katika majibu ya mitihani kwa miaka mingi: kwamba mizani ya shairi ndiyo mapigo yake. Lau kauli hiyo ingekuwa kweli, mtu aliyekwisha kuhesabu silabi angeweza kuliimba shairi bila kufunzwa wimbo wake. Hawezi. Noti zitatusaidia kuona sababu, kwa kuwa zinatenganisha mambo ambayo istilahi zetu zimeyachanganya.

Noti huandika muda kwa uwiano, si kwa sekunde. Noti nzima hugawanyika kuwa nusu mbili, nusu kuwa robo mbili, robo kuwa thumni mbili. Kasi ni suala jingine. Huo ni urefu wa sauti. Mapigo ni kitu kingine: ni mwendo wa sawasawa ambao mguu wa msikilizaji huufuata hata pale sauti inaponyamaza. Kisha kuna kipimo, yaani namna mapigo yanavyokusanywa katika mafungu, pigo la kwanza la kila fungu likiwa na nguvu kuliko yanayolifuata. Mstari wa wima hutenga fungu na fungu. Chukueni alama za 3/4 na 6/8. Fungu la kila moja lina muda wa thumni sita, jumla ileile. Lakini ya kwanza huzigawa mbilimbili mara tatu, na ya pili tatutatu mara mbili. Mwenye kuhesabu tu hataona tofauti. Mwenye kucheza ngoma ataihisi mguuni.

Sasa mizani yetu ni hesabu tupu ya silabi. Neno mtu lina mizani 2, nchi 2, kwa kuwa m na n hapo ni silabi kamili. Hesabu hiyo haisemi silabi ipi ivutwe, wala ipi iangukie pigo lenye nguvu. Lugha yenyewe, hata hivyo, ina nguvu zake: mkazo hukaa katika silabi ya pili kutoka mwisho, isipokuwa katika maneno machache. Anayedhani mkazo ni pambo tu na atamke barabara kwa maana ya njia, kisha barabara kwa maana ya sawasawa.

Nimetunga mishororo miwili kwa ajili ya leo, msiitafutie ushairi. Wa kwanza: Nikamwona mama yake. Wa pili: Tukaondoka Mombasa. Kila mmoja una mizani 8. Katika wa kwanza mikazo iko katika silabi ya 3, ya 5 na ya 7: mwo, ma, ya. Uandikeni kwa 2/4, kila silabi thumni moja, na kila mkazo utaangukia mwanzo wa pigo. Katika wa pili mikazo iko katika silabi ya 4 na ya 7: ndo, mba. Uandikeni kwa 2/4 vilevile, na ndo itaangukia katikati ya pigo, huku ka isiyo na mkazo ikipewa mwanzo wa fungu. Lakini upangeni tatutatu, tu-ka-o, ndo-ka-mo, mba-sa na pumziko moja, na kila kitu kitakaa mahali pake. Mizani ni ileile, vipimo ni viwili. Nao mtunzi ana haki ya kuiweka mishororo hiyo katika ubeti mmoja! Ndiyo maana, naamini, msomaji stadi wa tenzi hafungwi na pigo la saa. Huvuta silabi hapa, huharakisha pale.

Athari za kusahau jambo hili zasikika makanisani. Kwaya zetu nyingi husoma sol-fa, mfumo uliosambazwa na John Curwen nchini Uingereza katika karne ya 19, ambamo mstari wa wima hutangulia pigo lenye nguvu, nukta mbili hutangulia pigo dhaifu, na kistari huendeleza sauti. Mfumo ni mzuri. Tatizo ni tuni za Kijerumani na Kiingereza zinazoanza na pigo dhaifu. Mfasiri aliyehesabu silabi kwa uaminifu huanza mshororo kwa neno Mungu, na waumini huimba kwa nguvu ile ngu. Hesabu imetimia, neno limevunjika.

Sheikh Amri Abedi, katika kitabu chake cha 1954 kuhusu sheria za kutunga mashairi, alilihusisha shairi na wimbo, na hapo namuunga mkono. Wale waliokikataa Kichomi cha Kezilahabi (1974) kwa kukosa urari wa mizani walikuwa na hoja kuhusu mapokeo. Hawakuwa na hoja kuhusu mapigo, maana shairi lisilo na mizani sawa laweza kuwa na mapigo dhahiri kabisa.

Noti nazo zina mipaka. A. M. Jones, katika kazi yake ya 1959 kuhusu muziki wa Kiafrika, alilazimika kuipa kila ala mistari yake ya wima, kwa kuwa mafungu ya ngoma moja hayakuanza pamoja na ya nyingine. Kwa hiyo ninapowaomba wanafunzi wangu waandike utenzi waliourekodi, siwaambii waanze na mstari wa wima. Waandike kwanza silabi, kisha urefu wa kila moja, kisha mikazo. Mistari ije mwisho, ikiwa itakuja.