Namna ya Kufikisha Maneno Yako kwa Wakuu wa Jiji

Hotuba kwa wakazi wa Dagoretti Corner



Ninyi mnaokaa hapa, mahali Barabara ya Naivasha inapoungana na Barabara ya Ngong, mmezoea kupata habari upesi. Bei ya mbao ikipanda asubuhi, kila seremala amekwisha kuijua kabla ya adhuhuri. Lakini habari ya ushuru mpya mara nyingi humfikia mchuuzi siku ile ile askari wa kaunti anapokuja kuudai. Hapo mtu hulalamika, na pengine malalamiko yake ni ya haki, ila sheria imekwisha kupitishwa. Kwa hiyo leo nataka kuwaeleza njia za kusema mapema, na njia za kupata habari ambazo ni haki yenu.

Nairobi ilipopewa cheo cha jiji mwaka 1950, Waafrika walikuwa na Baraza lao la Ushauri. Baraza hilo liliweza kutoa shauri tu. Kukubali au kukataa kulikuwa kwa wengine. Katiba ya mwaka 2010 imegeuza mambo hayo. Kifungu cha 196 kinaliamuru Bunge la Kaunti kufanya kazi yake waziwazi na kuwashirikisha wananchi, na kifungu cha 35 kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa Serikali. Baada ya uchaguzi wa Machi 2013, Serikali ya Kaunti ilishika mahali pa Halmashauri ya Jiji, na jiji lina wadi 85.

Pengine mtu atauliza, “Je, wasipotusikiliza?” Jibu lipo kwa jirani zetu wa Kiambu. Bunge la kaunti ile lilipitisha Sheria ya Fedha ya mwaka 2013. Wananchi wakaenda Mahakama Kuu, wakasema kwamba hawakupewa nafasi ya kutosha ya kutoa maoni yao. Mwaka 2014 Jaji Odunga aliitangua sheria ile. Alieleza kwamba kuwashirikisha watu kuwe kwa kweli, si kutimiza desturi tu, na kwamba tangazo lifikishwe kwa njia nyingi: makanisani, misikitini, katika mabaraza, na kwa redio, hata zile za lugha za kienyeji. Basi tangazo dogo gazetini, ambalo mama wa sokoni hataliona, halitoshi.

Sasa natoa mashauri manne.

La kwanza, jueni majira. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai. Kwa sheria ya fedha za umma ya mwaka 2012, waraka wa mpango wa fedha hufikishwa katika Bunge la Kaunti kabla ya Februari kwisha, na makadirio ya matumizi hufikishwa kabla ya Aprili kwisha. Mwenye kutaka taa za barabarani au choo cha soko na aseme katika miezi hiyo. Akingoja Julai atakuta fedha zimekwisha kugawanywa. Mswada wa ada na ushuru huja nyuma yake, na Bunge hupewa siku 90 kuujadili na kuupitisha. Ninyi wenye vibanda na karakana, siku hizo 90 ni zenu. Msizilalie.

La pili, jueni mlango wa kubisha. Soko, takataka na vibali vya biashara ni kazi ya kaunti. Barabara ya Ngong iko chini ya Mamlaka ya Barabara za Mijini, ambayo ni ya Serikali ya Taifa. Chifu naye ni mtumishi wa Serikali ya Taifa, wala si wa kaunti. Mtumishi wa kaunti aliye karibu nanyi ni msimamizi wa wadi, na anayewasemea Bungeni ni mwakilishi wa wadi. Lalamiko likipelekwa kwenye mlango usio wake, hulala hapo.

La tatu, andikeni. Maneno ya mkutanoni husahauliwa, lakini karatasi hubaki. Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 inamruhusu mtu yeyote kupeleka ombi juu ya jambo lililo katika madaraka ya kaunti, nao wakuu wanawajibika kujibu bila kukawia. Elezeni jambo moja kwa lugha ya heshima, mtaje mahali na mnalotaka lifanywe. Nakala yenu igongwe muhuri wa kupokelewa, nanyi mwiweke vizuri.

La nne, ulizeni. Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 inaruhusu ombi kuandikwa kwa Kiswahili au Kiingereza. Hulazimiki kueleza sababu ya kuuliza, wala hakuna malipo ya kupeleka ombi, ila waweza kutozwa gharama ya nakala. Asiyejua kuandika atasema kwa mdomo, na afisa atamwandikia. Jibu litolewe katika siku 21. Na ikiwa jambo lahusu uhai au uhuru wa mtu, katika saa 48. Ukinyimwa, una siku 30 za kupeleka shauri lako kwa Tume ya Haki za Kiutawala, ambayo wengi huiita Ombudsman.

Nina neno kwa watumishi wa kaunti pia. Watu wakiitwa leo kuja kesho, wakapewa kitabu kinene wasichopata nafasi ya kukisoma, kisha wakaandikishwa majina, hapo maoni hayakukusanywa. Yaliyokusanywa ni majina. Wapelekeeni habari mapema, kwa lugha waijuayo, na baadaye waelezeni ni maoni gani yaliyokubaliwa na yapi yaliyokataliwa, na kwa sababu gani. Mtu aliyeambiwa sababu aweza kuvumilia kukataliwa, lakini asiyejibiwa hatarudi mkutanoni tena.

Nanyi wananchi, usipoziba ufa utajenga ukuta. Mkutano wa wadi ukitangazwa, nendeni, na kila anayekwenda amwambie jirani yake.