Mtu Hapimwi kwa Saa Moja



Leo ni Dominika ya Tatu ya Pasaka. Injili yatupeleka kwenye ufuo wa ziwa la Tiberia wakati wa alfajiri. Petro na wenzake wamekesha usiku kucha wasipate hata samaki mmoja. Yesu amewasha moto wa makaa, ameandaa samaki na mkate, naye anawakaribisha wale. Baada ya chakula anamwuliza Petro kama anampenda, tena anamwuliza mara tatu. Sote twafahamu kwa nini ni mara tatu. Palikuwa na moto mwingine wa makaa, katika ua wa Kuhani Mkuu, na hapo Petro alimkana Bwana wake mara tatu kabla jogoo hajawika.

Basi na tujiulize: Petro huyu ni nani? Je, ni yule aliyeruka kutoka chomboni akatembea juu ya maji, au ni yule aliyeapa mbele ya kijakazi kwamba hamjui Yesu? Mtu apimwe kwa saa yake ya utukufu au kwa saa yake ya aibu? Swali hili si dogo, maana katika jumuiya zetu tunawapima watu hivyo kila siku.

Ili tulielewe vema, tutwae mfano kutoka kwenye kandanda ya Uingereza, ambayo vijana wetu wanaifuatilia kwa bidii kuliko wanavyofuatilia mafundisho ya kipaimara. Tukisikia habari za mpira wa Uingereza, wengi wetu twafikiri juu ya Manchester United, Liverpool au Arsenal. Lakini chini ya ligi kuu yenye timu 20 yako madaraja mengine matatu, yenye timu 72. Humo wamo mamia ya wachezaji ambao mpira ndio kazi yao na mkate wao, ila majina yao hayavuki mipaka ya miji yao. Mikataba yao mara nyingi ni ya mwaka mmoja au miwili, na kila msimu unapokwisha mwezi wa Mei, wengi wao huambiwa kwamba hawahitajiki tena.

Mmoja wa hao alikuwa mlinda mlango aitwaye Jimmy Glass, aliyezaliwa mwaka 1973. Katika ujana wake alikuwa katika klabu ya Crystal Palace, lakini hakupata kuidakia timu ya kwanza hata mechi moja ya ligi. Mwaka 1996 akaenda Bournemouth, mji ulioko pwani ya kusini, na huko akadaka zaidi ya mechi 90 za ligi. Mwezi Aprili mwaka 1998 timu yake ikafika fainali ya kombe la madaraja ya chini, katika uwanja maarufu wa Wembley, mbele ya watazamaji zaidi ya 60,000. Bournemouth walikuwa wakiongoza kwa bao moja. Ndipo mpira ukaingia golini, na aliyeandikiwa bao hilo ni Glass mwenyewe: alikuwa amejifunga. Katika muda wa nyongeza Grimsby wakapata bao la pili, na kombe likaenda kwao. Wapendwa, kila aliyewahi kukosea mbele ya macho ya watu anajua jinsi njia ya kurudi nyumbani inavyokuwa ndefu siku hiyo.

Baadaye mwaka huo akahamia Swindon Town, na huko akapoteza nafasi yake katika timu. Wakati huohuo, kaskazini karibu na mpaka wa Uskochi, timu ya mji wa Carlisle ilikuwa mashakani. Ilikuwa katika ligi tangu mwaka 1928, na sasa ilikuwa mkiani mwa daraja la mwisho. Zaidi ya hayo haikuwa na mlinda mlango. Ikaomba ruhusa ya pekee, kwa kuwa muda wa kusajili ulikuwa umekwisha, nayo ikapewa Glass kwa mkopo, ili adake mechi tatu tu zilizobaki.

Mechi ya tatu ilichezwa Jumamosi, tarehe 8 Mei 1999, dhidi ya Plymouth Argyle. Carlisle walihitaji kushinda. Dakika 90 zikaisha, nao wamefungana bao moja kwa moja. Katika dakika za majeruhi, zikiwa zimebaki sekunde chache, wakapata kona. Glass akaacha goli lake, akakimbia urefu wote wa uwanja kwenda kusaidia, maana kufungwa na kutoka sare yalikuwa mamoja. Kona ikapigwa, mwenzake akaupiga mpira kwa kichwa, mlinda mlango wa Plymouth akautema, nao ukaanguka mbele ya Glass. Akaupiga teke moja. Bao! Watu wakaingia uwanjani kwa furaha, na punde filimbi ya mwisho ikalia. Carlisle walikuwa wamebaki katika ligi.

Wengi waliliita bao hilo muujiza. Sisi tuwe waangalifu na neno hilo. Upande wa mashariki, katika mji wa Scarborough, palikuwa na watu wengine. Timu yao ilikuwa imekwisha kumaliza mechi yake kwa sare, nao walikuwa uwanjani wakingojea habari kutoka Carlisle, wengine wamekwisha kuanza kusherehekea. Teke lile moja ndilo lililoishusha timu yao kutoka katika ligi, na mwaka 2007 klabu hiyo ilivunjwa kwa sababu ya madeni. Je, tutasema kwamba Mungu aliwapenda watu wa Carlisle akawachukia wale wa Scarborough? Hasha! Watoto walilia Scarborough jioni ile, na Baba wa mbinguni ni Baba yao pia. Tusilitaje jina la Mungu kwa wepesi juu ya ushindi wetu, kana kwamba aliyeshindwa hakusali.

Na huyo shujaa, je, aliishi kwa utukufu tangu siku ile? La. Carlisle hawakubaki naye. Alipita katika klabu nyingine akipata mechi chache tu, na mwaka 2001, akiwa na umri wa miaka 27, akaacha kucheza mpira wa kulipwa. Baadaye akawa dereva wa teksi huko kusini, katika jimbo la Dorset. Miaka mingi ikapita ndipo alipopata tena kazi katika klabu ya Bournemouth, si ya kudaka, bali ya kuwahudumia wachezaji katika mahitaji yao. Hata Carlisle yenyewe bao lile halikuiokoa milele: ilishuka kutoka katika ligi mwaka 2004, ikapanda tena mwaka 2005, na mwaka 2025 ikashuka kwa mara nyingine.

Tazameni basi, wapendwa. Kati ya bao la aibu la Wembley na bao la furaha la Carlisle ulipita mwaka mmoja na siku chache tu. Mtu ni yuleyule. Aliyesema mwaka 1998 kwamba huyu hafai alikosea, na aliyesema mwaka 1999 kwamba huyu hana mfano naye alikosea. Saa moja haitoshi kumweleza mtu. Mwanadamu ni mkubwa kuliko kosa lake kubwa, na pia ni mkubwa kuliko tendo lake la sifa.

Hayo ndiyo Bwana wetu anayotufundisha kando ya ziwa. Hamkumbushi Petro jogoo. Wala hamsifu kwa kutembea juu ya maji. Anamwuliza juu ya upendo, na baada ya kila jibu anampa kazi: awatunze kondoo. Kuchunga si kazi ya saa moja. Ni kazi ya kila siku, ya jua na ya mvua, ambayo haina mtu wa kuipigia makofi. Ni kama kazi ya dereva, ambaye usiku na mchana anawafikisha watu makwao, nao wakishuka hawamkumbuki tena. Lakini Mungu anaona. Aonaye sirini alimwona mwanamke mjane na senti zake mbili, na alimwona Daudi akiwa porini na kondoo, wakati baba yake mzazi hakuona haja ya kumwita.

Turudi sasa katika jumuiya zetu ndogondogo. Yuko dada aliyezaa kabla ya ndoa. Mtoto wake amekwisha kupokea Komunyo ya Kwanza, na bado baadhi yetu humtaja mama huyo kwa kosa la miaka ile. Yuko baba aliyetumia fedha ya jumuiya, akatubu, akailipa yote, akaungama. Lakini kila ukifika uchaguzi wa viongozi, mtu hukohoa na kutazama chini. Padre amekwisha kumwondolea dhambi kwa jina la Kristo. Sisi ni nani hata tuendelee kuishika?

Kwa upande wa pili, yuko mzee aliyetoa mabati ya kuezekea kigango miaka ishirini iliyopita, naye mpaka leo anataka kila neno lake lipite kwa sababu ya mabati yale. Mabati yalikuwa zawadi njema, na Mungu amlipe. Lakini Bwana hamwulizi mzee huyu juu ya mabati. Anamwuliza: Leo wanipenda? Leo umemtazama jirani yako mgonjwa?

Na ninyi makatekista, walinzi wa mlango wa imani katika vigango vyetu, mfano huu ni wenu kwa namna ya pekee. Mnafundisha miaka na miaka kwa posho ndogo, wakati mwingine bila posho kabisa. Mnatembea kwa miguu kwenda kuzika, na jina lenu halisomwi siku ya sherehe. Msikate tamaa. Na mtoto akishindwa mtihani wa kipaimara, msimpe jina la mjinga likamfuata hadi uzeeni. Mpeni nafasi ya pili, kama Petro alivyopewa yake.

Juma hili, wapendwa, tufanye jambo moja. Kila mmoja wetu amtafute mtu ambaye amemfunga katika saa yake moja ya aibu: mke au mume, mtoto, jirani, au mfanyakazi mwenzake. Amsalimie kwa jina lake la ubatizo, azungumze naye kama na mtu mpya. Na kama aliyefungwa katika saa hiyo ni wewe mwenyewe, kwa kosa ambalo hujajisamehe, basi nenda kwenye kitubio. Moto umekwisha kuwashwa ufuoni, na mkate uko tayari.

Tuombe. Ee Bwana Yesu, wewe uliyemwuliza Petro juu ya upendo wala hukumwuliza juu ya jogoo, utujalie kuwatazama wenzetu kwa macho yako. Utuepushe na kiburi siku tunaposhinda, utushike mkono siku tunapojifunga wenyewe, na utudumishe katika kazi ndogo za kila siku hadi utakapotuita kwako. Unayeishi na kutawala daima na milele. Amina.

Mwenyezi Mungu awabariki nyote, Baba na Mwana na Roho Mtakatifu. Tunawatakia Dominika njema. Tumsifu Yesu Kristo!