Bwana Kress na Ndege wa Bahari

Leo nitawaelezeni habari za Bwana Stephen Kress, mtaalamu wa ndege wa Marekani. Katika kisiwa cha Eastern Egg Rock, ndege waitwao pafini walikwisha kwa kuwindwa miaka ya 1880. Mwaka 1973 Bwana Kress alianza kuleta makinda kutoka Kanada. Aliwalisha samaki mashimoni, wakakua, wakaenda zao baharini. Akangoja. Miaka ikapita, asirudi hata mmoja. Pafini huogopa kutua pasipo na wenziwe. Basi akasimamisha juu ya miamba sanamu za pafini za mbao. Mwaka 1977 wakaanza kurudi. Mwaka 1981 wakalea makinda yao papo hapo. Alingoja miaka 8! Nanyi mnaojifunza kusoma ukubwani, msikate tamaa.