Kalenda ya Kijiji na Likizo ya Mgeni: Maandalizi ya Vijana wa Kujitolea Mwaka Mmoja Kabla ya Kufika Vijijini

Mada iliyowasilishwa katika semina ya waratibu wa vijana wa kujitolea, Iringa

1. Utangulizi

Nimeombwa nizungumzie maandalizi ya vijana wanaotoka Ulaya na Amerika ya Kaskazini kuja kujitolea vijijini kwetu kati ya Juni na Agosti, wakati wa likizo yao ndefu ya majira ya joto. Nitapita haraka kwenye mambo tunayoyafahamu sote, kisha nitaomba uvumilivu wenu katika jambo moja nililolipigania kwa miaka mingi: vijana hawa huja kwa kalenda yao, na kijiji hulazimika kusimamisha ya kwake ili kiwapokee.

2. Maana ya maneno yaliyotumika

Kijana wa kujitolea katika mada hii ni mtu wa miaka 18 hadi 25 anayefanya kazi ya jamii bila mshahara kwa muda wa wiki chache hadi miezi mitatu. Taasisi tuma ni ile inayompeleka kutoka kwao. Taasisi mwenyeji ni sisi tuliomo ukumbini. Jamii mwenyeji ni kijiji chenye mkutano mkuu, halmashauri, mwenyekiti na mtendaji wake. Maana hizi zinatutosha.

3. Historia kwa kifupi

Kambi za kazi za kimataifa zilianza mwaka 1920, pale Mswisi Pierre Cérésole alipowakusanya watu wa mataifa yaliyokuwa yametoka vitani wakajenga upya kijiji cha Esnes, karibu na Verdun, Ufaransa. Mwaka 1958 shirika la kujitolea la VSO lilianzishwa Uingereza, na mwaka huohuo Mchungaji James Robinson wa Marekani alileta Afrika wanafunzi wa vyuo wakati wa likizo yao kupitia Operation Crossroads Africa. Machi 1961 Rais Kennedy alianzisha Peace Corps, na Tanganyika ikawa miongoni mwa nchi za kwanza kupokea watu wake. Kundi hilo lilikuwa la wapima ardhi, wahandisi na wanajiolojia. Kabla ya kugusa kazi walifunzwa El Paso, Texas, kisha Puerto Rico, kisha Tengeru, Arusha.

Nawataja hao kwa sababu moja. Serikali ya Tanganyika ilihitaji wapima wa barabara, ikaomba wapima, ikaletewa wapima. Kazi ilitangulia, mtu akafuata. Hata leo mipango ya muda mrefu bado inaheshimu maandalizi. Kwa mfano, mpango wa Ujerumani wa weltwärts, ulioanza mwaka 2008, unamtaka kila kijana ahudhurie siku zisizopungua 25 za semina. Wanaotuletea taabu ni wale wa wiki tatu hadi nane, ambao maandalizi yao mara nyingi huishia kwenye orodha ya vitu vya kufungasha.

4. Tatizo la kalenda

Naomba ieleweke kwamba simlaumu mtu wala taasisi yoyote. Nyingi ya taasisi tunazoshirikiana nazo zina nia njema, na vijana wengi wanaokuja ni wachapakazi. Hata hivyo, nia njema inayofika wakati usiofaa hugeuka mzigo kwa mwenyeji, na ni wajibu wetu kulisema hilo.

4.1 Kalenda ya shule

Ombi linaloletwa mara nyingi kuliko yote ni kufundisha Kiingereza katika shule ya msingi mwezi Juni. Shule zetu zina mihula miwili, na muhula wa kwanza hufungwa mwanzoni mwa Juni, na likizo huendelea hadi mapema Julai. Mgeni anayetua wiki ya pili ya Juni anakuta madarasa yamefungwa.

Nimeshuhudia hili katika kijiji kimoja cha mkoa wa Njombe. Vijana walifika na vitabu vya picha na kalamu za rangi. Walikuwa wameambiwa huku ni joto tupu, kwa hiyo walikuja na nguo nyepesi katika miezi ya baridi kali, wakaanza kazi yao kwa kuazima makoti. Mwalimu mkuu hakutaka kuwaaibisha wageni wala kumuudhi aliyewaleta. Akatuma ujumbe kwa wazazi, na watoto waliokuwa wakisaidia kuvuna mahindi wakarudishwa darasani. Wazazi walinyamaza kwa adabu ya kumpokea mgeni. Wageni wakaondoka wakiamini wamefanya kazi nzuri, na ripoti ikaandikwa hivyo.

Wanaobaki shuleni wakati wa likizo, pale panapokuwa na masomo ya ziada, aghalabu ni wanafunzi wa madarasa ya mitihani. Mtihani wa kumaliza elimu ya msingi hufanyika Septemba. Hao ndio watoto wasiopaswa kukabidhiwa mtu ambaye hajawahi kufundisha.

4.2 Kalenda ya shamba

Hapa Nyanda za Juu Kusini tuna msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei. Juni na Julai ni miezi ya kuvuna, kusafirisha, kupukuchua na kuhifadhi mahindi. Kaya inayompokea mgeni wakati huo inatakiwa ipike chakula cha ziada na imsindikize kila mahali, huku mazao yakisubiri shambani. Mzigo huo humwangukia mama wa nyumba kuliko mtu mwingine yeyote, na hakuna fomu ya tathmini niliyowahi kuona inayomuuliza.

Baada ya mavuno hali hubadilika. Kuanzia mwishoni mwa Julai watu wanapata nafasi, barabara zinapitika na udongo umekauka. Ndipo tofali zinapofyatuliwa na kuchomwa, mitaro ya mabomba inapochimbwa, mawe na mchanga vinaposombwa. Huo ndio wakati wa msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya kijiji, na ndio wakati ambao mikono ya kijana wa miaka 19 ina faida hata kama hajui kazi ya ufundi, kwa sababu anafanya kile ambacho kila mwanakijiji anakifanya siku hiyo. Kupanga tofali ukutani tumwachie fundi wa kijijini, ambaye kipindi hicho ndicho cha kupata riziki yake.

4.3 Kalenda ya mipango

Hii ndiyo inayosahauliwa zaidi. Mwaka wa fedha wa serikali huanza 1 Julai. Vipaumbele vya kijiji hukusanywa miezi mingi kabla, kwa utaratibu wa Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo, kisha hupanda kwenye kata na halmashauri ya wilaya. Chini ya Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) Na. 7 ya mwaka 1982, kijiji kina mkutano mkuu wa wakazi wote wazima, na halmashauri ya wajumbe wasiopungua 15 na wasiozidi 25. Hao ndio wenye mamlaka ya kuamua kijiji kinataka nini.

Barua za kuomba kupokea vijana hutufikia Aprili, pengine Mei. Wakati huo mpango wa kijiji umekwisha kupita, na mradi wa mgeni unabaki nje yake. Choo cha shule kinajengwa ilhali kipaumbele kilichopitishwa ni zahanati. Kisima kinachimbwa bila kupitia RUWASA, yaani wakala wa maji vijijini, wala chombo cha watoa huduma ya maji ngazi ya jamii kinachopaswa kukiendesha chini ya Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira Na. 5 ya mwaka 2019. Pampu inapoharibika, hakuna aliyepewa jukumu la kuitengeneza. Mtendaji wa kijiji ndiye anayeulizwa, naye hakushirikishwa.

4.4 Kalenda ya kijana mwenyewe

Tumtendee haki na kijana. Kwa kawaida huamua kusafiri mwanzoni mwa mwaka. Machi na Aprili anachangisha nauli kwa ndugu na majirani, Mei ana mitihani, kisha kuna chanjo, pasipoti na kibali. Juni yupo kwenye ndege. Katika miezi yote hiyo hakuna aliyemwambia jina la mwenyekiti wa kijiji anachokwenda, wala zao linalolimwa pale.

Hapo ndipo penye msimamo wangu. Maandalizi yaanze likizo ya mwaka uliotangulia. Kijana anayetaka kuja mwishoni mwa Julai mwakani, Julai hii ajiandikishe, aanze kujifunza Kiswahili na afanye kazi ya mikono kwao. Barua ya kijiji inayotaja kazi kinayoiomba ikimfikia Septemba, ana miezi ya kutosha kujiandaa kwa kazi iliyoombwa, au kukiri kwamba kazi hiyo haiwezi. Kijiji nacho kinapata muda wa kuijadili kwenye mkutano mkuu na kuiingiza katika mpango. Ninafahamu wanaosema kijana wa miaka 18 hawezi kungoja mwaka mzima. Jibu langu ni kwamba asiyeweza kukingoja kijiji mwaka mmoja asiruhusiwe kukipangia kazi.

5. Changamoto nyingine

Zipo nyingi, nitataja mbili. Ya kwanza ni lugha. Salamu pekee hazitoshi kijijini, maana mgeni anapaswa angalau aelewe anapoambiwa acha, ngoja na hatari. Ya pili ni vituo vya kulelea watoto. Kijana wa wiki nne hapaswi kupelekwa huko. Watoto wengi wa vituo hivyo wana mzazi aliye hai, na kuwazoesha wageni wanaopita huwaumiza. Kenya ilisimamisha usajili wa vituo vipya mwaka 2017, na mkakati wake wa 2022 hadi 2032 unalenga kuwarudisha watoto katika familia. Nasi tunayo Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Tuisimamie.

6. Mapendekezo

(a) Taasisi mwenyeji zisipokee ombi lolote lililoletwa chini ya miezi kumi kabla ya safari.
(b) Ombi lipelekwe kwanza kwa Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri na kwa mtendaji wa kijiji, kabla kijana hajachangisha fedha.
(c) Kazi ichaguliwe na mkutano mkuu wa kijiji na iandikwe katika muhtasari wa kikao.
(d) Kufundisha shuleni kusipangwe kabisa wakati wa likizo ya Juni, na madarasa ya mitihani yasiguswe.
(e) Vijana wanaokuja Nyanda za Juu Kusini wafike baada ya mavuno. Mikoa mingine ifuate msimu wake.
(f) Kazi za ufundi zipewe mafundi wa kijijini kwa malipo. Vijana washiriki kwenye nguvu kazi pamoja na wananchi.
(g) Kila kijana wa nje afanye kazi na kijana wa Kitanzania, kama ilivyokuwa katika mpango wa Uingereza wa ICS, na wote wawili wapate posho na cheti sawa.
(h) Miradi ya maji ipitie RUWASA na chombo cha jamii kitakachoiendesha.
(i) Kaya mwenyeji ilipwe gharama zake mapema, na mama wa nyumba ahojiwe katika tathmini.
(j) Vijana wa muda mfupi wasipelekwe katika vituo vya kulelea watoto.
(k) Vibali vya ukaazi daraja C vishughulikiwe kabla ya safari.
(l) Kijana aanze Kiswahili mwaka mmoja kabla. Narudia: mwaka mmoja kabla.
(m) Taasisi tuma isiyokubali kalenda ya kijiji ishauriwe kwa heshima isubiri mwaka unaofuata.

7. Hitimisho

Ndugu Mwenyekiti, mengi ya mapendekezo haya hayahitaji fedha. Yanahitaji barua iandikwe mapema na neno hapana lisemwe bila woga pale linapostahili. Tarehe za mwakani zimeanza kupangwa huko nje. Nawaomba wenzangu, kila mmoja akirudi ofisini aiandikie taasisi anayoshirikiana nayo, aiambatishie kalenda ya shule, ya kilimo na ya mipango ya kijiji chake, na aitake ijibu kabla ya mvua za Novemba. Itakayojibu tuikaribishe kwa mikono miwili. Isiyojibu, tusiipangie kijiji.

Naomba kuwasilisha.