Mtungi wa Oili Si wa Maziwa



Majuzi tulitembelea kikundi kimoja cha maziwa. Tulipokaribishwa chai, tukasikia harufu ya gereji. Mama mwenye nyumba akasema, "Lakini huo mtungi nimeuosha mara tatu kwa maji moto na sabuni!" Tulinyamaza, maana hata sisi ofisini tulikuwa na mtungi kama huo wa maji ya kunywa.

Sasa tuelewane. Plastiki si kama sufuria. Oili ya gari hupenya ndani ya plastiki yenyewe, na sabuni haifiki huko. Baadaye hutoka polepole na kuingia katika chakula, hasa chenye mafuta kama maziwa. Oili iliyokwisha tumika ni mbaya zaidi: ina chembe za chuma na sumu ziwezazo kuleta saratani.

Wengine husema, "Si chini kuna pembetatu na nambari 2?" Alama hiyo yataja aina ya plastiki tu. Haisemi mtungi ulibeba nini.

Basi tufanye hivi. Tukinunua mtungi sokoni, tuulize ulikuwa wa nini. Tusipopata jibu, tuuache. Wa oili ubaki wa oili, utiwe alama, ukae mbali na watoto. Tusiuchome, moshi wake una sumu. Maziwa tuyaweke katika mkebe wa aluminiamu.

Mkebe ni ghali, twajua. Ndiyo sababu tuna kikundi: tuchange, tununuliane kwa zamu, tuanze na wenye watoto wadogo.

Ule wetu wa ofisini tumeupeleka gereji.