Fremont: Ujuzi Bila Mamlaka Hauuzi

Kila takwimu za biashara zinapoonyesha Marekani inaagiza bidhaa nyingi za viwandani kuliko inazouza nje, lawama humwangukia mfanyakazi: hana ujuzi, tena mshahara wake mkubwa. Kiwanda cha magari cha Fremont, California, kinatoa ushahidi tofauti. General Motors ilikifunga mwaka 1982, kikijulikana kwa utoro na migomo. Mwaka 1984 kilifunguliwa upya kwa ubia na Toyota, wafanyakazi wengi wakiwa wale wale, na chama chao kile kile. Baadhi walipelekwa Japani kujifunza, ngazi za vyeo zikapunguzwa, na fundi akaruhusiwa kusimamisha uzalishaji akiona kasoro. Ubora ukakaribia ule wa Japani.

Wapo watakaosema siri ilikuwa mafunzo tu. Yalihitajika, lakini fundi stadi anayelazimika kungoja idhini ya mabosi kadhaa ataiacha kasoro ipite. Wengine watakumbusha kuwa ubia huo ulikoma mwaka 2010. Ni kweli, ila ulikoma baada ya General Motors kufilisika na kujitoa mwaka 2009, ikiwa imechelewa mno kueneza somo la Fremont katika viwanda vyake vingine. Ndiyo maana ushuru wa forodha pekee hauwezi kuziba pengo hilo la biashara: hupandisha bei ya gari la kigeni, lakini hauondoi urasimu wa kampuni ya nyumbani.